Habari ya Rafu Isiyo na Miguu

Leo twataka kunena nanyi habari ya jambo dogo, nalo ni rafu ya ukutani. Pengine mtu atacheka, akisema, "Rafu ni kitu gani hata iandikiwe habari ndefu?" Lakini nyumba nyingi twazijua ambazo ndani yake dawa, daftari za watoto, mafuta ya taa na hati za shamba vyote hukaa pamoja chini ya kitanda, na aijuaye nyumba ya namna hiyo azijua pia hasara zake. Panya hupata sehemu yake, mchwa hupata sehemu yake, na mtoto atambaaye hupata sehemu yake. Na sehemu ya mtoto ndiyo ya hatari kuliko zote, maana hachagui kati ya maji na mafuta ya taa, ikiwa vyote vimo katika chupa za soda.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Katika nyumba za bara waliweka mbegu darini, juu ya moto wa jikoni, mahali ambapo moshi uliwafukuza wadudu. Wengine waliningʼiniza susu, yaani wavu au kikapu kilichofungwa kwa kamba kwenye mti wa paa, wakatia ndani yake vyombo na chakula kilichosalia, ili panya asipate mahali pa kupandia. Mtu akiitazama susu vema ataona ya kuwa ndiyo rafu ya kuelea ya zamani, kwa kuwa haina miguu wala haigusi ukuta. Uzito wake wote huchukuliwa na paa.

Watu wa pwani nao walikuwa na njia yao. Katika nyumba za mawe za Lamu, hasa zile za karne ya 18, chumba cha ndani kina ukuta uliopambwa kwa safu za vidaka, ambavyo watu wa huko huviita zidaka. Humo waliweka sahani za kauri na vitu vingine vya thamani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na msafiri afikaye huko aweza kuviona vidaka kwa macho yake. Basi kwa nini sisi wa bara tusichonge vidaka katika nyumba zetu? Sababu yake ni nyepesi. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hukaribia nusu mita. Ukuta wetu wa tofali una sentimita 12 au 15 tu; ukichimba kidaka ndani yake, utajikuta umetokea chumba cha pili. Kwa hiyo tangu zamani mwenye nyumba hakuanza kwa kujiuliza, "Nataka rafu ya namna gani?" Alianza kwa kujiuliza, "Nina nyumba ya namna gani?"

Siku hizi imekuja rafu nyingine, nayo yapendwa sana. Ni ubao ulioshikamana na ukuta pasipo kuonekana miguu chini yake, wala mikono ya chuma, wala kamba. Mtu akiiona mara ya kwanza hustaajabu, akapitisha mkono chini yake kutafuta kinachoishika. Watu huiita rafu ya kuelea. Lakini kwa kweli haielei. Imeshikwa, tena kwa nguvu nyingi, ila kinachoishika kimefichwa.

Nyumba yetu ipo Mikumi, katika Wilaya ya Kilosa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa. Barabara hiyo hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na kwa sababu ya wageni wajao kuwatazama wanyama, mji wetu una nyumba nyingi za kulala wageni. Binti yetu alifanya kazi katika mojawapo, na huko ndiko alikoiona rafu ya kuelea. Aliporudi likizo alituambia, "Tukiwa na rafu kama ile, vitabu vya babu vitatoka sandukuni." Neno hilo lilituingia moyoni sote, na hapana budi tuwaeleze sababu.

Baba yetu, aliyekwisha kufariki, alikuwa mwalimu. Alituachia vitabu arobaini na zaidi: kamusi, vitabu vya hesabu na vya jiografia, Biblia yake, vitabu vya hadithi vilivyopoteza majalada, na daftari alizoandika kwa mkono wake majina ya wanafunzi wake wa miaka mingi. Baada ya matanga tulivitia vyote katika sanduku la bati, tukalisukuma chini ya kitanda cha Mama. Panya hawakuvipata, nasi tulishukuru. Lakini hata watoto hawakuvipata. Miaka ikapita, na wajukuu wawili wa marehemu wakajifunza kusoma bila kujua kwamba katika chumba wanacholala mna kamusi. Mwalimu yeyote atakubaliana nasi ya kuwa mtoto huulizia kitu anachokiona. Kitabu kilichofungiwa sandukuni ni kama mgeni aliyefungiwa chumbani: hapana atakayemwamkia.

Basi tukakubaliana kuweka rafu. Lakini iwekwe wapi? Mama hakukawia kujibu. Alitaka iwe chumbani mwake, ukutani juu ya mkeka wa wajukuu, akisema, "Nikiamka asubuhi nataka niione migongo ya vitabu vya baba yenu." Chumba kile ndicho sehemu ya kwanza ya nyumba yetu. Baba alikijenga kwa mikono yake kwa tofali mbichi zilizoungwa kwa udongo, na baadaye ukuta ukapigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi nyeupe. Vyumba vingine viliongezwa miaka ya baadaye kwa tofali za saruji. Kwa macho, kuta zote ni sawa. Kama hukuambiwa, huwezi kujua upi ni wa udongo na upi ni wa saruji.

Tukamwita fundi seremala, mtu mzima wa hapa hapa Mikumi. Alipofika alimwamkia Mama, "Shikamoo, Mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Tukamwonyesha mahali. Hakupima urefu wala hakuuliza habari za mbao. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, akisikiliza. Kisha akatwaa keekee ya mkono, akatoboa tundu dogo nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana, akakinga kiganja chini yake. Vumbi la kwanza lilikuwa jeupe la rangi. La pili la kijivu, la saruji. Na kabla tundu halijafika kina cha ukucha wa kidole gumba, likaanza kutoka vumbi jekundu. Akalidondoshea vumbi lile matone ya maji, akalifinya, likawa udongo wa kufinyangika. Akatuonyesha, akasema, "Lingekuwa tofali la kuchoma, vumbi lake lisingerudi kuwa udongo. Mbele ni saruji, nyuma ni shamba. Ukuta huu siuwekei rafu ya kuelea."

Mama hakupendezwa. Akamwuliza, "Fundi, wasema ukuta wa mume wangu haufai?"

Fundi akajibu kwa adabu, "Hasha, Mama. Ukuta huu umebeba paa miaka yote hii, wala haujamwangukia mtu. Ukuta wa udongo ni hodari wa kubeba kitu kinachoukalia kichwani. Lakini rafu hii haikai kichwani. Huuvuta ukuta ubavuni, na udongo haukuumbwa kuvutwa."

Kisha akamwita mjukuu mkubwa, akampa ndoo ndogo yenye maji lita 5, akamwambia aishike mkono ukiwa umenyooka chini, karibu na paja. Mtoto akaishika bila taabu. Akamwambia tena ainyooshe mbele, mkono ulingane na bega. Mara mkono ukaanza kutetemeka, na maji yakamwagika. Fundi akasema, "Maji hayakuongezeka hata tone moja, ila yamekwenda mbali na mwili. Rafu ya kuelea ni mkono ulionyooshwa usiku na mchana, wala hauruhusiwi kupumzika."

Walimu watapenda kuifanya hesabu hii pamoja na wanafunzi wao, maana ni hesabu ya wenzo tu. Tufikiri rafu yenye upana wa sentimita 20 kutoka ukutani, iliyojazwa vitabu vya kilo 18. Uzito wa vitabu hukaa kama uliokusanyika katikati ya upana, yaani sentimita 10 kutoka ukutani. Kumi mara 18 ni 180. Na parafujo zinazoishika rafu zipo juu ya ukingo wake wa chini kwa sentimita 3 tu, maana rafu yenyewe ni nyembamba. Gawanya 180 kwa 3, utapata 60. Vitabu vya kilo 18, basi, huzivuta parafujo kuzitoa ukutani kwa nguvu ya kilo 60. Tena, mtoto wa kilo 15 akining'inia kwenye ukingo wa mbele, hesabu ni 15 mara 20, gawanya kwa 3, nayo ni 100. Na mtu akipanua rafu yake toka sentimita 20 hata 40, kisha akaijaza yote, uzito huwa mara 2 na umbali huwa mara 2, kwa hiyo mvuto huwa mara 4. Sasa fikirini nguvu hiyo yote imeshikwa na lipu yenye unene wa sentimita 2, na nyuma ya lipu mna udongo mkavu. Rafu ingekaa siku moja, au mwezi, au mwaka mzima. Halafu usiku mmoja ingeng'oka na kipande cha lipu, na chini yake wamelala watoto wawili.

Yule fundi angaliweza kutoboa matundu yake, akapokea ujira wake, akaenda zake, na sisi tungalimsifu kwa kazi nzuri, kwa kuwa siku ile ya kwanza rafu ingeonekana imara kama nyingine yoyote. Neno hili twataka lizingatiwe na kila asomaye. Ubovu wa kazi iliyofichwa hauonekani siku ya malipo. Kwa hiyo fundi mwaminifu hujulikana kwa yale anayoyakataa kama vile kwa yale anayoyatenda.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akacheka, akasema, "Kumbe ukuta huu ni kama mimi. Nitwike mzigo kichwani, nitafika. Nivute mkono, nitaanguka." Ndipo shauri likapatikana. Chumbani mwa Mama iliwekwa rafu ndogo yenye miguu minne, isiyougusa ukuta, na chini ya kila mguu tuliweka jiwe bapa ili mchwa akipanda aonekane. Humo Mama aliweka Biblia ya marehemu na zile daftari za majina. Vitabu vingine vyote vilikwenda katika chumba kipya, ambamo watoto hufanya kazi za shule, na humo, katika ukuta wa tofali za saruji, ikawekwa rafu ya kuelea. Mama mwenyewe alivipanga, kitabu kwa kitabu, wala hakutaka kusaidiwa.

Sasa twawaeleza kwa taratibu jinsi kazi ilivyofanywa, ili mwenye ukuta ufaao aweze kuifanya, au aweze kumsimamia fundi wake.

La kwanza ni kuujua ukuta. Nyumba ya miti na udongo haifai kabisa rafu ya kuelea. Humo afadhali rafu yenye miguu, au susu iliyofungwa kwenye mti wa paa ulio mzima. Ukuta wa tofali mbichi nao haufai, kama mlivyokwisha kusoma. Tena udongo una adui mwingine, naye ni maji. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa jambo hilo, maana Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, maelfu ya watu walipoteza makao, na ukuta wa udongo ukilowa misingi huanguka pamoja na kila kitu kilichotundikwa juu yake. Ukuta wa tofali za kuchoma hufaa, mradi tundu liingie katika tofali lenyewe. Kwani nyumba nyingi za tofali za kuchoma zimeungwa kwa udongo, na parafujo ikiingia katika kiungo itakuwa imeshika bure. Ukuta wa tofali za saruji hufaa zaidi, kama saruji haikupunjwa. Kuna tofali ambazo mchanga wake humomonyoka kwa kukwaruzwa na msumari, hizo msiziamini. Na penye ufa msitoboe kabisa, bali uzibeni kwanza, maana wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

La pili ni kujihadhari na umeme. Katika nyumba yenye umeme, nyaya nyingi hupita ndani ya lipu pasipo kuonekana. Kwa kawaida waya hushuka wima kutoka darini hata kwenye swichi au soketi. Basi msitoboe juu ya swichi wala chini yake, wala juu ya soketi. Kama ukuta una swichi na hamjui njia ya nyaya, mwiteni fundi wa umeme aonyeshe njia hizo, na umeme uzimwe kabla ya kazi. Keekee ikigusa waya wenye umeme yaweza kumwua aishikaye.

La tatu ni mbao. Katika barabara yetu hupita malori yaliyosheheni mbao za msindano kutoka msitu wa Sao Hill huko Mufindi. Mbao hizo ni nyepesi, na wepesi ni jambo jema katika rafu ya kuelea. Lakini mchwa huzipenda, kwa hiyo zinunuliwe zilizotiwa dawa. Mninga na mvule huwashinda mchwa, lakini ni mizito na bei yake ni kubwa, tena mti wa namna hiyo haukatwi porini bila kibali. Mwenye kununua na aulize risiti, asije akanunua mashaka. Mtiki nao ni mti mwema, na tangu miaka ya 1990 umepandwa kwa wingi katika Bonde la Kilombero, kusini yetu. Sisi tulichagua msindano uliokauka vema, kwa sababu ubao mbichi hujipinda ukikauka, na rafu iliyojipinda huachana na ukuta.

La nne ni umbo la rafu. Rafu yetu ina urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 6. Nayo si ubao mmoja mzito, bali ni kama sanduku jembamba lililo wazi upande wa nyuma. Ukutani hufungwa upapi wenye kimo cha sentimita 4, na kutoka katika upapi huo hutokeza vipande vya mti kama vidole. Sanduku huvikwa juu ya vidole hivyo kama ala inavyovikwa kisu, likafungwa kwa parafujo ndogo upande wa juu. Hiyo ndiyo siri yote ya kuelea.

La tano ni kupima usawa. Fundi wetu alikuwa na pimamaji, lakini hakuitegemea peke yake. Alitwaa mpira mwembamba ung'aao, akautia maji, akaweka ncha moja huku na ncha ya pili kule. Maji yakasimama kimo kimoja pande zote mbili, naye akatia alama. Maji hayana upendeleo, na mpira huo huuzwa kwa bei ndogo, kwa hiyo asiye na pimamaji asifanye udhuru.

La sita ni matundu na plagi. Zamani mafundi walipigilia kipande cha mti ndani ya ukuta, kisha wakaingiza parafujo ndani ya mti huo. Lakini mti hukauka, ukasinyaa, ukalegea. Mwaka 1958 Mjerumani mmoja, jina lake Artur Fischer, alibuni plagi ya nailoni ambayo hutanuka parafujo inapoingia, ikaukaza ukuta kutoka ndani. Plagi za namna hiyo ndizo ziuzwazo sasa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Tundu na liwe na unene sawasawa na plagi: plagi ya milimita 10, tundu la milimita 10. Likizidi, plagi itazunguka ovyo. Vumbi la ndani lipulizwe lote, maana plagi iliyokalia vumbi haishiki. Tena parafujo iwe ndefu ya kutosha. Hesabu yetu ilikuwa hivi: upapi sentimita 4, lipu sentimita 2, na ndani ya tofali sentimita 6, jumla 12. Ile lipu haihesabiwi kuwa nguvu. Ni njia ya kupita tu. Parafujo zilikuwa 4, hivyo ule mvuto wa kilo 60 ukagawanyika, kila moja ikapata 15. Na katika tofali la kuchoma keekee izunguke bila kugonga, tofali lisije likapasuka.

La saba ni kujaribu kabla ya kuamini. Rafu ilipokwisha kufungwa, hatukuweka vitabu siku ile. Tuliweka juu yake mfuko wa unga wa kilo 25, tukauacha usiku kucha, wala mtu hakuruhusiwa kukaa chini yake. Asubuhi fundi alitazama ule mstari kati ya rafu na ukuta. Haukufunguka hata unene wa karatasi. Ndipo vitabu vikapandishwa.

La nane ni kujua cha kuweka na cha kutoweka. Vitabu vizito vikae karibu na ukuta, vyepesi mbele. Rafu ya kuelea isiwekwe juu ya kitanda wala juu ya mkeka wa kulalia, hata kama ukuta ni mwema. Rafu ya vitabu vya watoto iwe kwenye kimo cha macho yao, wasije wakapanda kiti ili kuvifikia, wakaning'inia. Lakini dawa za hospitali zikae juu, mbali na mikono yao, katika kisanduku chenye kufuli. Na mafuta ya taa na dawa za shamba zisikae kabisa pamoja na chakula wala katika chupa za vinywaji. Mara moja kila mwaka, kabla ya mvua za masika, mwenye nyumba aishike rafu, aitikise kidogo, aone kama imelegea, tena atazame kama mchwa wamejenga njia yao ya udongo ukutani.

Wasomaji wetu, wengi wenu mna nyumba zilizo na kuta za namna zaidi ya moja, kama yetu, maana sisi hujenga kidogo kidogo kadiri tunavyopata. Hapana aibu katika jambo hilo, wala ukuta wa udongo si ukuta wa kudharauliwa. Wengi wetu tumezaliwa ndani yake. Lakini rangi moja isitufanye tusahau kwamba nyuma yake mna vitu mbalimbali, na kila kimoja kina kazi inayokifaa. Atakaye rafu na apendezwe na uzuri wake, si vibaya. Ila fedha yake ya kwanza aitoe kwa ajili ya kile asichokiona, yaani urefu wa parafujo, ubora wa plagi, na saa moja ya fundi aujuaye ukuta.

Sasa wajukuu hupita mbele ya vitabu vile kila siku, na yule mdogo amekwisha kuuliza kamusi ni kitu gani. Nasi twawaaga, tukiwatakia nyumba zenye vitabu vinavyoonekana na kuta zilizochunguzwa.